Sheikh Aliyekataa Pilau Langu

Mie mtu akikataa chakula changu namhesabu adui mpaka anithibitishie vyengine. Nasema mapema ili mujue munasikiliza habari kwa nani. Naitwa Sabah binti Msellem, nnakaa Ghubra huku Oman, na nimezaliwa Muheza ya Tanga, ndani ya shamba la michungwa la baba yangu. Miaka thalathini nimegonga mihuri katika wizara moja kule Maskati yenyewe, nimestaafu kwa heshima zangu, na pensheni yangu inaingia kila mwezi bila ya kumuomba mtu. Basi ile Ijumaa Sheikh Asaad alipokaa juu ya zulia langu, akalitazama sinia la pilau, akaweka mkono kifuani na kusema, "Mungu akuzidishie, dada yangu, lakini mimi sili," damu ilinipanda kichwani.

Lakini nianze kwa Ghadeer, maana pilau lenyewe lilipikwa kwa ajili yake.

Ghadeer ni mpangaji wangu. Mwaka wa saba huu anakaa ghorofa ya juu, anasomesha hesabu skuli moja hapa hapa Ghubra. Ni Mdruzi wa Jaulani, wengine huita Golan, ule mlima ambao Israel iliuteka kutoka Sham, yaani Syria, mwaka sitini na saba na mpaka leo haijautoa. Wengi wa watu wake wamekataa uraia wa Israel, na kwenye karatasi zao za safari pale pa kuandikwa uraia pameandikwa haujulikani. Ghadeer akinihadithia hayo hucheka. Mie singecheka, ningepasua karatasi.

Alivuka mpaka kwenda kusoma Dimishki, huko Sham, akiwa na miaka ishirini, akaolewa huko huko, na kwa wakati ule msichana akishavuka kwa ndoa ndiyo kwaheri, harudi tena. Mumewe akafa vitani. Hana mtoto. Akapata kazi ya ualimu Oman, akaja na sanduku moja na picha ya baba yake kasimama chini ya mtufaha. Nami nikiangalia ile picha namwambia, "Haya ndiyo matufaha? Kwetu tufaha ni lile la majimaji, jekundu, linanukia marashi." Naye, ambaye huniita khala, mama mdogo, ananiambia, "Khala, ukila letu hilo lenu utalisahau." Tunabishana hivyo tokea mwaka wa kwanza. Tunazungumza Kiarabu, yeye cha Sham, mimi cha Oman. Kiswahili kinanitoka nikighadhibika, kwa hivyo naye kakizoea.

Mwaka juzi baba yake alifariki. Mazishi aliyaona kwenye simu, amekaa kwenye ngazi zangu. Kwa Wadruzi mtu humuusia mali yake amtakaye, na wasia husomwa hadharani. Baba wengi huko ardhi humpa mtoto wa kiume, na binti asiye na mume huachiwa chumba cha kulala nyumbani kwao, basi. Yule mzee alimwachia mwanawe Wael nyumba na mashamba yote ya bonde la chini. Shamba la juu, miti mia na arubaini ya matufaha, akamwachia Ghadeer. Binti ambaye hajakanyaga pale miaka ishirini na mbili! Watu wakatazamana. Wasia ulisema mzee anataka binti yake awe na mahali pa kurudi, na asiyemkubalia hayo asimwombee rehema.

Sasa shamba la matufaha si la kuliacha. Mti usipopogolewa majira ya baridi, mwaka wa kwanza unazaa vijitunda vidogo, mwaka wa tatu umekuwa kichaka. Na huko kwao ardhi isiyolimwa haikai sana bila ya kutokea mwenye nguvu akasema hii ni ya dola. Watu wale wamepanda matufaha mpaka kwenye mawe ili isije ikasemwa kuwa pale hapana mwenyewe. Basi nani atapogoa? Wanaume wa ukoo wakasema wana kazi zao. Wanawake huko huchuma na kupanga matunda kwenye masanduku, mkasi na ngazi ni mambo ya wanaume.

Ghadeer akampigia binti wa ami yake, Balqees, mwanamke wa makamo na mwenye kicheko kikubwa. Akamwambia, nusu ya mavuno yako, uje na mashoga zako. Loo, nyie! Nliyaona kwa macho yangu. Huku Maskati Februari, mtu kakaa barazani na kanga begani, kashika simu, anapiga kelele, "Sio hilo! Hilo ni tawi la matunda! Lile linaloingia ndani, lile, kata!" Kule Balqees yuko juu ya ngazi na makoti mawili, theluji inaonekana mlimani nyuma yake, anajibu, "Nimekata, mwalimu!" na wanawake wengine sita chini wanacheka. Wiki tatu wamepogoa miti mia na arubaini kwa simu. Mwaka uliofuata wakarudi tena bila ya kuelekezwa sana. Wanaume waliokuwa wakipita njiani kuwacheka wakaacha kupita.

Ndipo ikatokea kampuni inayotaka kuweka minara ya umeme wa upepo. Ile minara mirefu yenye mapanga matatu, mushaiona. Inataka ardhi za juu, na shamba la Ghadeer ndilo liko juu. Wenye mashamba wengi wakakataa, wakaandamana. Wael akakubali. Lakini Wael hana cha kukubalia, ardhi si yake! Kampuni ikamwambia, lete sahihi ya dada yako.

Hapo nyumba ikaingia moto. Wael akaanza kwa maneno matamu: dada yangu, wewe uko mbali, utafanya nini na miti? Ghadeer akakataa. Wael akatia mnyororo kwenye lango la shamba. Balqees na wenziwe wakaruka ukuta wa mawe, na mkasi na ngazi. Wael akaja sasa na la kuumiza. Mama yao ni mtu mzima, anakaa kwa Wael, na simu anayozungumzia ni ya Wael. Wael akasema, "Mama amechoka na ugomvi huu. Anataka utie sahihi. Anasema atakufa na uchungu." Ghadeer akiomba azungumze naye, mama kalala, mama anaoga, mama yuko kwa jirani. Miezi miwili mama yuko kwa jirani tu!

Nikamwambia, "Mwanangu, huyo anakudanganya."

Akasema, "Na kama kweli? Khala, mimi sikumzika baba yangu. Nimuue na mama yangu kwa ajili ya miti?"

Baba yangu mimi alitia sahihi. Wakati anaondoka Muheza rafiki yake alimwambia, niachie uwakala, nitakutunzia. Akaandika. Hakupita mwaka, michungwa ina mwenyewe mwengine. Baba yangu alimaliza umri wake Wattaya, hapa Maskati, kwenye chumba kinachotazama maduka ya magari, na mpaka anakufa alikuwa akitaja mistari ya ile miti, wa kisimani, wa njiapanda, wa msikitini. Niliwahi kumwuliza, "Baba, walikutishia?" Akasema, "Hakuna aliyenitishia, Sabah. Waliniomba vizuri." Maneno hayo nikiyakumbuka mpaka leo yananitia hasira.

Basi wiki ile Ghadeer akashuka kuniambia mjomba wake, Sheikh Asaad, yuko Maskati. Ni kaka wa mama yake. Alibakia ng'ambo ya pili ya waya wa mpaka, upande wa Sham, na mwanawe ni mhandisi hapa, amekuja kumtazama mjukuu. Kwa Wadruzi kuna watu wa kawaida na kuna waliojitia katika dini, na huyu ni wa hao wa dini, mtu ambaye neno lake halirudishwi. Wael kampelekea ile karatasi ya kampuni kwa simu, mzee kaichapisha, anataka kuja nayo Ijumaa.

"Nitatia sahihi, khala," akasema. "Nimechoka. Naomba tu nimkaribishe kwako, kwangu hapana nafasi ya kukaa mzee."

Nikasema, "Karibuni." Moyoni nikasema, huyo mzee atakula pilau langu, atashiba, na mtu aliyeshiba ataona haya kunitazama usoni akimdhulumu mtoto wa watu. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yangu. Nikachinja mbuzi mzima. Pilau, sambusa, mkate wa kumimina, kachumbari, halwa nikaiagiza ya moto. Jikoni nimeingia alfajiri.

Akaja baada ya sala ya Ijumaa. Mzee mrefu, suruali nyeusi pana, kilemba cheupe kimenyooka, masharubu meupe hayo mpaka karibu na masikio. Salamu zake nzuri, macho yake chini, moyo wangu ukampenda kwa muda wa dakika tano. Kisha ndiyo likaja lile la "mimi sili."

"Unaumwa, sheikh?" nikamwuliza.

"Sijambo, namshukuru Mungu."

"Basi nyama haramu? Mbuzi kachinjwa hapa hapa, kwa bismillahi."

Ghadeer ananikonyeza. Mimi sioni makonyezo. Mzee akavuta mkoba wake wa kitambaa, akatoa mkate mwembamba wa kwao, zeituni na tini kavu, akavipanga mbele yake juu ya kitambaa.

"Dada yangu, usinichukie," akasema polepole. "Nimesikia ulikuwa mtu wa serikali. Sisi tulioshika njia hii hatuli chakula tusichojua kimetoka wapi. Mshahara wa serikali, wowote, hata wa kwetu, ndani yake mna kodi na faini na machozi ya watu. Sisemi kuna dhuluma. Nasema sijui. Na nisilolijua siliingizi tumboni."

Ebo! Mtu aniambie hayo nyumbani kwangu, juu ya zulia langu! Nimefanya kazi miaka thalathini, sijapokea hata sanduku la tende la mtu. Nilinyamaza. Wallahi nilinyamaza, na wanaonijua hawaniamini nikiwaambia. Nilinyamaza kwa sababu ya Ghadeer, ambaye uso umemuiva kwa haya.

Mzee akala kidogo, akashukuru, akajifuta mikono. Akatia mkono kwenye mkoba ule ule, akatoa ile karatasi, akainyoosha juu ya kitambaa alichokulia.

"Binti yangu," akasema, "mama yako anataka utulivu. Ndugu yako ndiye aliyeko pale. Tia sahihi, mpatane."

Hakusema kwa ukali. Aliomba vizuri.

Ghadeer akatoa kalamu. Akakaa, kalamu mkononi, anaisoma karatasi kama mwanafunzi asiyeamini mtihani. Machozi yakaanguka juu ya karatasi, akayafuta kwa kiganja. Akatafuta mahali pa kutia sahihi.

Na mimi hapo nikapasuka.

"Huyu vipi huyu!" nikasema kwa Kiswahili, nimesimama, kijiko cha kupakulia kiko mkononi. "Pilau langu analiogopa, karatasi ya dhuluma haiogopi! Mbuzi wangu anamchunguza, hilo mbona halichunguzi? Ushaona wapi, yakhe!"

Sheikh akainua uso. "Anasema nini?"

"Hasemi kitu, mjomba," akasema Ghadeer.

"Nasema!" Nikarudia kwa Kiarabu, pole pole, neno moja moja, nimemtazama usoni. "Sheikh, umekuja kwangu, umeuliza chakula changu kimetoka wapi. Haki yako. Basi na mimi nakuuliza. Sahihi hiyo unayotaka kuibeba, inatoka wapi? Inatoka kwa mtu aliyeridhika, au inatoka kwa mtu aliyetishwa kwa uhai wa mama yake? Nani kakwambia mama anataka? Umemsikia yeye kwa masikio yako? Wael akishachukua pesa za ile minara, utakwenda kula mkate nyumbani kwa Wael? Utautia tumboni? Mie nimegonga mihuri maisha yangu yote, nnajua karatasi. Hiyo uliyonayo ni chafu kuliko pensheni yangu!"

Nikajua nimeharibu, mzee wa watu nimemtukana, mtoto nimemfedhehesha mbele ya mjomba wake.

Sheikh Asaad aliitazama ile karatasi. Akamgeukia Ghadeer.

"Umezungumza na mama yako juu ya jambo hili? Yeye mwenyewe?"

"Hapana, mjomba. Miezi miwili Wael hanipi."

"Wewe moyo wako unataka kutia sahihi?"

Ghadeer akaweka kalamu chini. Na mtoto huyu, ambaye miaka saba sijamsikia akipandisha sauti isipokuwa kwa ajili ya matawi, akasema, "Sitaki. Sitaki na sikutaka hata siku moja. Miti ile naijua mmoja mmoja, mjomba, wa tatu kwenye mstari wa pili una jeraha la mvua ya mawe, nimeliona kwenye simu na nimelilia. Baba alinipa mimi. Sio kwa kuwa Wael mbaya. Alinipa kwa sababu wao wote wamesema mimi sirudi, na yeye peke yake alisema narudi. Nikitia sahihi, nimesema kama wao, kuwa sirudi."

Mzee akamwambia, "Mpigie ndugu yako. Iweke nisikie."

Simu ikaita mara tatu. Wael akaitika kwa bashasha, "Ndiyo, dada! Tayari?"

"Mimi Asaad," mzee akasema. "Nataka kumsikia dada yangu."

Bashasha ikafa. "Mjomba, karibu, karibu. Mama kalala."

"Mwamshe."

"Hajisikii vizuri, mjomba. Ile karatasi imetiwa sahihi?"

"Wael, nakuuliza, na sitakuuliza tena. Mama yako amesema kwa ulimi wake kwamba anataka sahihi hii?"

"Mjomba, wewe unamjua mama, yeye hana..."

"Amesema, hakusema?"

Wael akaanza kueleza habari za kampuni, habari za barabara, habari za maisha ya watoto wake. Akisema, nyuma yake pakasikika mlango, halafu kitu kimeanguka. Halafu sauti ya mwanamke mzee, iko mbali, chumba cha pili au cha tatu.

"Nani huyo? Wael, nani huyo? Asaad huyo?"

"Mama, rudi ukalale..."

Nataka mujue kitu. Ule mpaka wa Jaulani na Sham ulipofungwa, watu wa pale walikuwa wakipanda kilima huku, na jamaa zao wakipanda kilima kule, baina yao bonde la mabomu ya ardhini, wakapigiana kelele. Nani kazaliwa, nani kafa. Huyu bibi na huyu kaka yake miaka na miaka ndivyo walivyozungumza. Sauti ya mtu kama huyo mwanawe ataizibia wapi kwa kiganja?

"GHADEER!" Mie niliruka. "Ghadeer, mwanangu, usitie sahihi! Unanisikia? Usitie! Baba yako kakupa! Usi..."

Simu ikakatika.

Ghadeer alikuwa kashasimama. Alikwenda dirishani, akalifungua, sijui kwa nini dirishani, akapiga kelele nje, juu ya paa za Ghubra, juu ya magari yaliyokuwa yanatoka msikitini, "SITII SAHIHI, MAMA! SITII!" Jirani yangu Amur alitoka barazani na kikombe cha kahawa mkononi kutazama nani kafa.

Sheikh Asaad alikaa vile vile. Akaichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, mara nne, akaichana vipande vipande bila ya haraka, akavikusanya vyote kiganjani asije akachafua zulia langu. Kisha akaomba simu, akampigia Wael tena. Wael hakuitika, ikabidi amwachie sauti. Nnayakumbuka maneno yote.

"Wael mwana wa dada yangu. Mimi Asaad. Kuanzia leo sili kwako, sinywi maji kwako, na jamaa zetu wakiniuliza kwa nini, nitawaambia. Mfungulie Balqees lango. Mnyororo uutoe wewe kwa mkono wako, mchana, watu wakuone. Na mama yako leo jioni azungumze na binti yake, peke yao, mlango umefungwa. Usipofanya hayo, ukimpata mwanaume wa kukaa nawe mezani, nitajie jina lake."

Akamrudishia Ghadeer simu. Ghadeer akaanguka juu ya mabega ya mjomba wake akalia kilio cha miaka ishirini na nne, nami nikaingia jikoni kwa sababu mie sitaki kuonekana nalia, na nililia.

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, simu ya juu iliita. Nikasikia Ghadeer anapita chumba hiki na chumba kile, anazungumza, anacheka, ananyamaza, anazungumza. Saa nzima. Nikapanda nimpelekee chakula maana toka asubuhi hajala. Alinifungulia mlango, akanionesha kwa kidole nisiseme, akaiweka simu niisikie na mimi.

Mama yake alikuwa anamsomea miti. Mstari wa kwanza, upi umeota vizuri, upi Balqees kaukata sana. Mstari wa pili. Wa tatu. Miezi miwili ambayo mwanawe alisema yuko kwa jirani, bibi wa miaka sabiini na nane, kawaapisha wale wanawake wasimwambie mtu, alikuwa akiruka ukuta pamoja nao.